UZI: Kutoka karatasi ya masizi hadi kaseti – jinsi sauti ilivyonaswa, na namna ya kuitoa bila kuiharibu

sindano78 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Santuri na kaseti za zamani zinatolewa stoo kila siku zihamishiwe kwenye simu na kompyuta, na nyingi zinaharibikiwa hapo hapo kwenye kuhamishwa. Sindano si yake, spidi ni ya kukisia, hedi (kichwa kinachosoma utepe) ya redio imekaa upande, halafu lawama anatupiwa marehemu: "rekodi za zamani hazikuwa na sauti." Zilikuwa nayo. Kila chombo kilitengenezwa kwa namna yake na kinadai kichezwe kwa namna hiyo hiyo. Ndiyo maana uzi huu unachanganya historia na ufundi, maana hapa ni kitu kimoja.

Tuanze mbali. Mwaka 1857 mjini Paris, Édouard-Léon Scott de Martinville alisajili hataza ya mashine iliyochora sauti. Pembe ilikusanya mawimbi, kiwambo kikatetemeka, unywele mgumu ukachora mistari kwenye karatasi iliyopakwa masizi ya taa. Nia yake ilikuwa kuiona sauti, hakuwa na njia ya kuisikia tena. Mchoro wake wa 1860 ulisikika mara ya kwanza mwaka 2008, watafiti wa Marekani walipoupitisha kwenye kompyuta.

Thomas Edison mwishoni mwa 1877 ndiye aliyerekodi na kurudisha sauti. Alifunika silinda kwa karatasi laini ya bati, na sindano ikachimba kwa kupanda na kushuka. Shikeni neno hilo, kupanda na kushuka, litarudi. Bati lilichakaa baada ya kuchezwa mara chache tu. Miaka ya 1880 maabara ya Volta ya Alexander Graham Bell na wenzake ikaleta nta, sauti ikawa safi zaidi.

Tatizo la silinda lilikuwa nakala. Kwa miaka mingi mwimbaji alisimama mbele ya mashine kadhaa kwa wakati mmoja, akamaliza, akaanza upya wimbo ule ule ili zipatikane silinda nyingine. Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, mwaka 1887 alibuni gramafoni ya sahani bapa. Sindano yake ilikwenda kushoto na kulia, na sahani moja ya asili iliweza kutolewa muhuri wa chuma, muhuri ukafyatua maelfu ya nakala. Hapo ndipo biashara ya muziki wa kurekodiwa ilipozaliwa.

Namna santuri ilivyofyatuliwa, kwa kifupi: sahani nene ya nta inachongwa studioni. Inapakwa unga wa grafiti ili ipitishe umeme. Inatumbukizwa kwenye maji ya madini hadi ishike ngozi ya shaba. Ngozi inabanduliwa, nayo ni kinyume cha sahani: penye mfuo (mstari uliochongwa na sindano) kuna tuta. Kutokana nayo inatengenezwa "mama" yenye mifuo, na kutokana na mama inatengenezwa mihuri. Donge la moto la shelaki (utomvu mgumu) linawekwa kati ya mihuri miwili pamoja na lebo zake, linabanwa kwa mvuke, linapozwa kwa maji. Muhuri ukichakaa, mama anazaa mwingine. Kwa hiyo santuri mbili za wimbo mmoja zaweza kupishana sana kwa usafi, kutegemea muhuri ulikuwa umefyatua ngapi kabla yake.

---

mdau_wa_visiwani

Asante mkuu kwa uzi. Maswali mawili. Nitajuaje hii ni ya shelaki na hii ni ya plastiki? Na kwa nini sindano ya kawaida inatoa mchakacho tu, wimbo unasikika kwa mbali?

---

sindano78

Kuitambua ni rahisi. Shelaki ni nzito, haipindi, na ukiigonga taratibu kwa kucha inalia kama sahani ya udongo. Ikianguka inavunjika vipande. Ukingo wake ukiuangalia mwangani una chembechembe, si laini. Sahani ya vinaili (hiyo plastiki) ni nyepesi na inapinda kidogo. Nyingi za shelaki ni za inchi 10, dakika tatu hivi kwa upande, na mwisho wake ni miaka ya 1950.

Sasa usafi, na hapa nawasihi wakuu msome mara mbili. Usipitishe spiriti kwenye santuri ya shelaki. Ni shelaki ile ile ambayo maseremala huyeyusha kwa spiriti kisha wakang'arishia samani. Kitambaa chenye spiriti kinaifanyia santuri vivyo hivyo: mifuo inalainika, uso unabaki na utando wa kunata, na hakuna wa kuirudisha. Tumia maji yaliyochujwa ya betri (maji matupu, siyo asidi) yenye tone moja au mawili ya sabuni ya vyombo kwa nusu lita. Brashi laini, fuata mzunguko wa mifuo, usisugue kukata. Lebo isilowe. Suuza kwa maji matupu, futa kwa kitambaa kisicho na nyuzi, simamisha ikauke kivulini. Haraka haraka, usiiache ndani ya maji, kwa sababu kuna unga wa mawe na nyuzi ndani yake zinazofyonza.

Huo unga wa mawe uliwekwa kwa makusudi. Sindano za chuma za gramafoni ya springi zilikuwa laini kwa namna yake, na mizunguko ya mwanzo ya santuri iliinoa ncha ikapata umbo la mfuo. Ndiyo maana zilikuja na kikopo kizima cha sindano, na kila upande mmoja ulihitaji sindano mpya. Anayerudia sindano moja kwa santuri kumi anachonga mifuo kwa tindo. Kichwa cha gramafoni hizo kinakandamiza kwa uzito unaozidi gramu 100. Kwa hiyo gramafoni ya babu iachwe kwa santuri zisizo na thamani. Za thamani zichezwe kwa mashine ya umeme.

Sindano ya umeme: mfuo wa shelaki ni mpana. Unahitaji ncha ya mikroni 76 hivi (mikroni ni elfu moja ya milimita), wakati ya LP, sahani ndefu ya vinaili, ni 18 hadi 25. Ncha ya LP kwenye shelaki inazama hadi chini kabisa, mahali palipojaa vumbi na uchafu wa miaka 80, wala haigusi kuta zenye wimbo. Huo ndio mchakacho unaousikia. Katriji (kichwa kinachobeba sindano) nyingi za kisasa zinauziwa sindano ya 78, yaani ya shelaki zinazozunguka mara 78 hivi kwa dakika, peke yake, unachomoa moja na kuchomeka nyingine. Uzito gramu 3 hadi 5. Kama mifuo imechakaa na gramafoni nzito, kuwa na ncha mbili tatu za ukubwa tofauti kunasaidia: nyembamba kidogo au nene kidogo itakutana na sehemu ya ukuta ambayo chuma hakikuigusa.

La mwisho. Katriji ya stirio inasikia kushoto-kulia na juu-chini kwa pamoja. Santuri za mono zimechongwa kushoto-kulia tu, kwa hiyo kila kinachotoka juu-chini ni kelele. Unganisha chaneli mbili ziwe mono, na sehemu kubwa ya kelele inafutana yenyewe. Ila sahani za zamani za kampuni ya Pathé zilichongwa kwa mtindo wa Edison, juu-chini. Ukiziunganisha hivyo wimbo ndio unaofutika! Kwa hizo geuza chaneli moja kwanza, kisha unganisha.

---

hezi50

Naongezea nyama upande wa umeme.

Hadi 1925 hakukuwa na maikrofoni studioni. Waimbaji walibanana mbele ya pembe, na nguvu ya koo lao ndiyo iliyosukuma sindano ya kuchonga. Ngoma kubwa na besi hazikushika, fidla hazikufika. Ndipo ikatengenezwa fidla ya Stroh, yenye pembe ya chuma badala ya sanduku la mbao, na besi ya nyuzi ikabadilishwa kwa tuba. Kwa hiyo mpangilio wa ala kwenye santuri ya 1910 hausemi sana jinsi bendi ilivyokuwa jukwaani. Unasema pembe ilivyotaka.

Mwaka 1925 mfumo wa umeme wa Western Electric, kazi ya Joseph Maxfield na Henry Harrison, ukaingia: maikrofoni, ampulifaya, kichwa cha umeme cha kuchongea. Angalia eneo tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Kwenye santuri za kampuni ya HMV, pembetatu ndogo baada ya namba ina maana ilirekodiwa kwa mfumo huo. Mraba ni mfumo wa Alan Blumlein uliofuata mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwenye za kampuni ya Columbia tafuta herufi W ndani ya duara. Chukua tochi, inamisha sahani hadi mwanga upite pembeni, alama itajitokeza.

Alama hizo zina kazi. Besi huutikisa mfuo kwa upana mkubwa, hivyo wachongaji waliipunguza, na mchezaji anatakiwa kuirudisha. Kila kampuni ilikuwa na kipimo chake hadi RIAA, kipimo kimoja cha wote, ilipokubaliwa mwaka 1954: besi inarudishwa kuanzia 500 Hz kushuka, na sauti za juu zinapunguzwa hadi desibeli 13.7 kwenye 10,000 Hz. HMV za umeme za zamani zinataka besi irudishwe kuanzia 250 au 300 Hz tu, na sauti za juu zisiguswe. Ukipitisha santuri ya 1928 kwenye priampu (kikuza sauti cha kwanza baada ya sindano) ya RIAA, besi inavimba na sauti za juu zinazikwa. Kisha mtu anasema mwimbaji alikuwa "anaimbia ndani ya mtungi". Mtungi ni priampu.

Tiba: tumia priampu isiyo na RIAA, rekodi ikiwa bapa (bila kuongeza wala kupunguza besi au sauti za juu), kisha weka mkunjo sahihi, yaani kipimo cha kampuni husika, kwenye kompyuta. Kama huna, rekodi kwa RIAA lakini uifute kwa mkunjo wa kinyume kabla ya kufanya lolote.

---

kaka_wa_kariakoo

Mkuu hezi50, mashine nyingi zinazouzwa mjini zina 33 na 45 tu. Hiyo 78 tunaipataje?

---

hezi50

Inawezekana, ila mpangilio wa hatua usivurugwe:

1. Weka sindano ya 78, spidi 45, rekodi ikiwa bapa. Kwa spidi ndogo sindano inafuata hata sahani iliyopinda, hiyo ni faida.
2. Kama ulipita kwenye RIAA, ifute SASA, kabla ya kugusa spidi.
3. Badili spidi na kimo cha sauti kwa pamoja, ongeza asilimia 73.3. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, amri ipo, inakuuliza kutoka 45 kwenda 78. Usitumie ile ya kubadili mwendo peke yake, inakatakata mawimbi.
4. Ndipo uweke mkunjo wa kampuni husika.

Anayeruka hatua ya pili anapata ugonjwa wa ajabu: RIAA ilifanya kazi kwenye sauti zilizoshushwa, zikipandishwa ule mpaka wa 500 Hz unahamia karibu 870 Hz. Hakuna kitufe cha besi kitakachotibu hilo.

Spidi yenyewe: 78 ni jina tu. Ukipima kwa sahani ya mistari chini ya taa ya umeme wa 50 Hz, mistari 77 inasimama kwenye mizunguko 77.92 kwa dakika. Kwa umeme wa Marekani wa 60 Hz, mistari 92 inasimama kwenye 78.26. Tofauti hiyo sikio haliisikii. Ila sahani za enzi ya pembe zilichongwa popote kati ya 70 na 82 hivi, na hiyo sikio linaisikia vizuri sana. Pima kwa ala yenye kimo kinachojulikana, kinanda kwa mfano. Na taa ya kupimia iwe ya nyuzi au ya neoni, balbu nyingi za LED hazimeti kwa mpigo wa umeme wa nyumbani.

---

mwambao_rekodi

Kwa upande wetu. Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, ile lebo ya mbwa anayesikiliza gramafoni. Pigeni hesabu kwa kilichosemwa juu: 1928 ni baada ya 1925, kwa hiyo tafuteni ile pembetatu. Sahani hizo si za "kusikilizia historia" tu. Zikipata ncha ya mikroni 76 na mkunjo wake, maneno ya Kiswahili yanatoka wazi hadi herufi.

Pia dakika tatu za upande mmoja zilitawala utunzi. Wimbo wa taarabu wenye beti nyingi ulilazimika kukatwa, au kugawanywa upande wa kwanza na wa pili. Anayehamisha rekodi kama hizo aunganishe pande mbili kuwa nakala ya kusikiliza, lakini ahifadhi pia kila upande peke yake.

Baadaye Nairobi ikawa ndiyo kituo cha kufyatua santuri ukanda huu, na sahani ya inchi 7 ya mizunguko 45 ikatamalaki. Hiyo ya 45 ililetwa na RCA Victor mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya Columbia ya Marekani kuonyesha LP ya 33⅓ mjini New York, Juni 1948. LP ilibeba zaidi ya dakika 20 kwa upande. Ya 45 ilibeba wimbo mmoja, ikawa rahisi kwa bei na kwa kutangaza, na muziki wa dansi ukatoka hivyo: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili yenye magitaa ya kuchezesha upande B.

Tanzania hali ilikuwa nyingine. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam kwa ajili ya matangazo, na rekodi zikakaa kwenye tepu za spuli. Nyingi hazikuwahi kuwa santuri. Kwa hiyo kwa muziki huo tepu si nakala ya kitu kingine, ndiyo asili yenyewe. Anayejua spuli atusaidie hapo.

---

spuli_kumi

Nipo.

Valdemar Poulsen wa Denmark alirekodi kwenye waya wa chuma kwa sumaku mwaka 1898. Fritz Pfleumer, Ujerumani, 1928, akapaka unga wa chuma kwenye ukanda wa karatasi. Kampuni ya AEG wakaonyesha mashine ya Magnetophon mwaka 1935 Berlin, utepe ukiwa wa kampuni ya BASF. Kilichoifanya tepu ishinde sahani kilikuja 1940: Walter Weber wa redio ya Ujerumani alichanganya na muziki mkondo wa umeme wa kasi isiyosikika, na mchakacho ukashuka ghafla. Baada ya vita Jack Mullin, mwanajeshi wa Marekani, alibeba mashine mbili akazipeleka kwao kwa vipande. Mwimbaji Bing Crosby akawekeza, na kampuni ya Ampex wakaanza kuuza mashine zao mwaka 1948.

Kazi yenyewe. Ukishika spuli usiiweke kwenye mashine kwanza. Ishike mwangani, utazame kupitia ubavu wa utepe uliojikunja. Ukipitisha mwanga, ni asetati. Ukiwa mweusi tii, ni poliesta. Hizo ni aina mbili za plastiki ya utepe. Inusie pia: harufu ya siki maana yake asetati imeanza kuoza, na hiyo iwahi kuhamishwa kabla ya nyingine zote, tena itengwe, kwa sababu mvuke wake unaziambukiza jirani. Asetati ikikatika inakatika safi na inaungika. Poliesta inavutika kama mpira kabla ya kukatika, na kipande kilichovutika kimekwenda.

Ugonjwa wa poliesta za miaka ya 1970 na 1980 ni gundi inayovuta unyevu wa hewa. Dalili: utepe unalia kama bawaba kavu, mashine inapunguza mwendo, hedi inajaa tope la kahawia. SIMAMISHA mara moja, tope hilo ndilo muziki. Tiba ya muda ni joto kavu la nyuzi 50 hadi 55 za Selsiasi, kwa muda wa saa nane kwa utepe wa robo inchi, kwenye mashine ya kukaushia matunda yenye kipimo cha joto kinachoaminika. Si oveni ya jikoni, na maikrowevu kamwe. Uache upoe kwa muda ule ule, kisha uhamishe ndani ya wiki chache kabla unyevu haujarudi. Asetati haiokwi. Ndiyo maana kipimo cha mwanga kinatangulia.

Ukungu: Pwani hautakosa kuuona, unga mweupe au wa kijani pembeni ya utepe. Vaa barakoa, ukaushe kwanza chumba kikavu, kisha ufute kwa kitambaa laini ukizungusha taratibu. Ukungu mbichi ukifutwa unapakwa tu.

Spidi ni sentimita 38, 19, 9.5 na 4.75 kwa sekunde. Spuli ya inchi 7 yenye mita 366 kwa 19 ni dakika 32. Na angalieni njia (mistari ya sauti iliyopangwa kando kando kwenye utepe): tepu iliyorekodiwa njia nne ikichezwa kwenye hedi ya njia mbili, utasikia wimbo pamoja na mwingine unaokwenda kinyumenyume chini yake. Tepu ni nzima. Tafuta mashine ya njia nne.

Mwisho, hifadhi spuli ikiwa imeviringishwa kwa mwendo wa kucheza, mkia nje, si kwa kasi ya kurudisha. Utepe uliobanwa ovyo unachapa sauti kwenye mzunguko wa jirani. Mkia ukiwa nje, kivuli kinakuja zaidi baada ya sauti, hapo kinafunikwa. Kichwa kikiwa nje kinatangulia, unamsikia mwimbaji kabla hajaimba.

---

fundi_kaseti

Kaseti ndiyo iliyo nyumba nyingi, niruhusuni nikae nayo.

Lou Ottens na timu yake ya Philips huko Hasselt, Ubelgiji, waliitoa mwaka 1963 kwenye maonyesho ya Berlin. Utepe wa milimita 3.81, sentimita 4.76 kwa sekunde. Ulikusudiwa imla na maneno, muziki ukaja baadaye kwa utepe bora na Dolby (mfumo wa kupunguza mchakacho). C60 ina mita 90 za utepe wa mikroni 16 hadi 18. C90 ina mita 135, unene 12. C120 ni mikroni 9, na hiyo ndiyo redio huipenda kuitafuna.

Kabla ya kucheza: izungushe kwa kalamu ya pembe sita. Ikikaza, usiilazimishe, igonge bapa kwenye kiganja mara kadhaa ili mikunjo ijipange. Kisha tazama mdomo wake. Katikati kuna kisponji au kitambaa juu ya kipande cha shaba. Kikidondoka, utepe hauegemei hedi, na sauti inakuja ikipotea. Watu wengi wanaitupa kaseti kwa sababu ya kisponji cha milimita tano! Kihamishe kutoka kaseti mbovu.

Kufungua: zenye skrubu tano fungua juu ya sinia jeupe, vitu ni vidogo. Zilizogandishwa, pitisha kisu chembamba kwenye mshono kuanzia upande wa mgongo, kisha hamishia spuli zote mbili kwenye ganda lenye skrubu. Rudisha zile karatasi mbili za plastiki laini, moja juu moja chini, bila hizo itakaza. Utepe uliokatika: kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutane bila kupandana, ziunge kwa utepe maalumu wa kuungia, upande wa ndani usiogusa hedi. Selotepu ya ofisini gundi yake inatambaa, mwaka ukiisha imegandisha mizunguko miwili mitatu.

Mashine: hedi na kile kipini cha chuma kinachovuta utepe visafishe kwa isopropili na kijiti cha pamba hadi kitoke cheupe. Gurudumu la mpira lifute kwa maji ya sabuni, spiriti inalikausha. Belti iliyogeuka lami ifutwe yote, ibaki hata kidogo, mpya itateleza.

Sasa lile linalopuuzwa kuliko yote: pembe ya hedi. Hedi inatakiwa isimame wima kabisa kwenye utepe, lakini mashine iliyorekodi huenda ilikuwa imeinama kidogo, hasa nakala za dukani zilizonakiliwa kutoka deki hadi deki. Ukiicheza kwa hedi ya wima, "s" na "sh" zinapotea, tarumbeta inafunikwa blanketi. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili, moja ina springi chini yake. Weka alama ya rangi ya kucha mahali ilipo. Cheza kaseti, unganisha sauti kuwa mono, zungusha skrubu ya springi polepole, moja ya nane ya mzunguko kwa wakati. Utasikia sauti za juu zikifunguka, zikifika kilele, kisha zikianza kuzama tena. Rudi kwenye kilele. Fanya hivyo kwa KILA kaseti na kila upande, kisha urudishe kwenye alama. Hakuna programu ya kompyuta itakayorudisha kilichopotea hapa.

Dolby washa tu kama kaseti ilirekodiwa nayo, na baada ya kurekebisha hedi. Ukiiwasha kwa kaseti isiyo nayo, sauti za juu zinakatwa bila sababu.

---

mdau_wa_visiwani

Kaseti ya harusi ya 1984, redio ya betri. Mwanzo waimbaji wako sawa, kadiri inavyokwenda sauti zinakuwa nyembamba na mwendo unaongezeka. Belti imeshabadilishwa. Ni nini?

---

hezi50

Mashine yako iko salama. Betri zilikuwa zinakwisha wakati wa kurekodi. Mota ikapungua, utepe ukapita polepole, na sasa ukipita kwa mwendo sahihi kila kitu kinapanda.

Kurekebisha: hamisha yote kwanza bila kugusa. Kisha kata vituo kila dakika tano, pima kimo cha ala ambayo haibadilishi ufunguo (kinanda au akodiani ni bora kuliko sauti ya mtu), na tengeneza mteremko wa spidi unaofuata vituo hivyo. Ukikuta mwanzoni asilimia 0 na mwishoni imepanda asilimia 6, shusha taratibu kati yao, ila usidhani ni mstari ulionyooka, betri huanguka haraka mwishoni.

Kwa rekodi za umeme wa ukutani kuna kipimo bora zaidi: mvumo. Hapa kwetu umeme ni 50 Hz, na mvumo wake mara nyingi umo ndani ya utepe. Fungua grafu ya masafa, tafuta mlima karibu na 50 au 100. Ukiuona kwenye 52, unacheza kwa kasi zaidi kwa asilimia 4. Hakikisha tu ni mvumo wa rekodi, si wa vifaa vyako: simamisha kaseti, ukibaki pale pale ni wako.

---

kaka_wa_kariakoo

Na faili tuhifadhi kwa mfumo gani? Wengi wanaweka MP3 ya 128 moja kwa moja.

---

sindano78

Asili iwe WAV (faili isiyobanwa), biti 24, sampuli 96,000 kwa sekunde, ndicho kipimo cha maktaba za sauti. Ikishindikana, 48,000. Kwa 96 stirio ni kama GB 2 kwa saa, kwa 48 ni GB 1. CD, iliyoingia sokoni Japani Oktoba 1982, ni biti 16 kwa 44,100, namba iliyotokana na mashine za video zilizotumika kuhifadhi sauti za dijitali: sampuli 3 kwa mstari, mistari 294, nusu-picha 50 kwa sekunde. MP3 ya 128 inabakisha takriban sehemu moja ya 11 ya data ya CD, na inachotupa kwanza ni vile ambavyo sikio linafunikiwa na sauti kubwa zaidi. Ni sawa kwa kusikiliza njiani. Si sawa kwa kazi ya kusafisha mchakacho baadaye, programu inashindwa kutenganisha mchakacho na mabaki ya kubana.

Wakati wa kurekodi, kilele kisizidi desibeli -6. Usiwashe kupunguza kelele, usikate vipande. Nakala ya asili ibaki na mchakacho wake wote, usafi ufanywe kwenye nakala ya pili. Weka kwenye diski mbili zilizo nyumba mbili tofauti, na usitegemee CD za kuchoma, rangi yake hufifia.

Jina la faili libebe namba ya lebo, namba iliyochongwa kwenye eneo tupu, na upande. Piga picha ya lebo kwa mwanga wa pembeni. Andika kwenye faili ya maandishi: ncha gani, uzito gani, spidi gani, mkunjo gani, mashine gani.

---

fundi_kaseti

Na kwa kaseti, kabla ya yote hayo: vunjeni vile vijino viwili vya mgongoni. Bila hivyo kitufe chekundu cha kurekodi hakishuki, hata mtoto akikikandamiza. Mkitaka kurekodi juu yake siku nyingine, zibeni tundu kwa selotepu. Hapo ndipo mahali pekee selotepu inaporuhusiwa.